Haki ya Mwokozi

Kazi ni chache ambazo mtu humkabidhi mgeni mambo yake yote kwa mkupuo mmoja, bila kuyahesabu, bila hati na bila shahidi. Mgonjwa humpa daktari mwili wake, lakini macho yake hubaki wazi kumtazama. Mwenye kesi humpa wakili habari zake, lakini huchagua la kusema na la kunyamazia. Mwenye kompyuta ambayo diski yake kuu imeanza kufa hana uchaguzi huo. Humpa fundi kisanduku cha chuma chenye ukubwa wa kiganja, na ndani yake mna barua, hesabu, picha za arusi na za mazishi, kazi ya miaka mingi, na mambo ambayo hata ndugu zake hawayajui. Kwa fundi husema neno moja tu: niokolee. Neno hilo huzaa swali ambalo insha hii yataka kulichunguza. Aliyeokoa ana haki gani juu ya kile alichokiokoa?

Hatuwezi kulijibu swali hili kwa uadilifu kabla ya kuijua kazi yenyewe, maana wengi huwahukumu mafundi pasipo kujua wanachokitenda. Diski kuu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yapata sentimita 60 kwa upana. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa takriban tani moja, na herufi zote ulizoweza kuhifadhi zilikuwa kama milioni 5. Diski ya leo yenye uwezo wa terabaiti 1, ambayo mwanafunzi aweza kuitia mfukoni, huchukua mara 200,000 ya kiasi hicho. Umbo limepungua, lakini utendaji wake haukubadilika sana. Ndani mna sahani zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja, na juu yake huelea kichwa cha kusomea ambacho hakizigusi kabisa. Nafasi iliyo kati ya kichwa na sahani haifiki hata sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele. Kichwa kikianguka hukwangua utando ule, na unga mwembamba unaotoka hapo ndio uliokuwa barua na picha za mtu. Hapana fundi duniani awezaye kuugeuza unga huo kuwa barua tena.

Diski haifi ghafula kila mara. Aghalabu hutoa ishara: hugonga kwa ndani kama ukucha juu ya meza, hukawia kufungua faili iliyokuwa ikifunguka mara moja, au huonyesha majina ya faili ambazo hazifunguki tena. Mwenyewe hapo hutaharuki. Huizima na kuiwasha, huijaribu tena na tena, na kila jaribio huila sehemu ya uhai uliobaki. Fundi mjuzi hutenda kinyume. Haifungui diski dukani, kwa sababu chembe moja ya vumbi la barabara ya Luthuli ni kubwa mara nyingi kuliko ile nafasi niliyoitaja. Kuifungua kwahitaji chumba ambacho hewa yake imechujwa. Huiunga na kompyuta nyingine, huizuia isiandikwe kitu kipya, kisha huinakili yote, kipande baada ya kipande, katika diski iliyo nzima. Iko programu iitwayo ddrescue ambayo huifanya kazi hii kwa utaratibu unaostahili kusifiwa. Husoma kwanza sehemu zilizo salama, huziruka zenye ugonjwa, huandika katika orodha yake zile zilizorukwa, na huzirudia mwisho. Wanadamu wengi hutenda vingine. Huanza na lile gumu wanalolitamani kuliko yote, wakalivunja, wakayakosa na mepesi pia.

Hapa nataka msomaji ashike jambo moja, kwa kuwa hoja yangu yote imesimama juu yake. Kunakili si kusoma. Programu inayonakili hupita juu ya barua ya mama kwa mwanawe na juu ya mchezo wa watoto kwa hali ile ile, wala haijui tofauti ya hesabu ya duka na shairi la mapenzi. Sehemu kubwa ya uokozi, basi, yaweza kutimizwa na fundi ambaye hakufungua hata faili moja. Mwishoni ni lazima ajue kama faili zilizopatikana ni nzima, na kwa ajili hiyo hufungua chache. Hata hilo laweza kufanywa mwenyewe akiwa ameketi kando. Walakini mlango uko wazi, kazi huchukua siku nzima au zaidi, na mara nyingi fundi hubaki nayo peke yake.

Nitatoa mifano miwili ya kweli. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilivunjika vipande kilipokuwa kikirudi duniani, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Yapata miezi 6 baadaye, diski moja iliyokuwa katika chombo hicho iliokotwa katika ziwa lililokauka. Ilikuwa imeungua kwa nje, na vumbi limeingia ndani. Ilibeba habari za jaribio la kupima mnato wa gesi ya zenoni mahali pasipo na uzito. Kampuni moja ya kuokoa data huko Minnesota ilizisafisha sahani zake, ikazitia katika kisanduku kingine, na ikapata takriban asilimia 99 ya yote yaliyokuwamo; kwa bahati njema palipoharibika palikuwa mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Mwaka 2008 wanasayansi waliolibuni jaribio lile walitangaza matokeo yake. Habari zilizopita katika moto na katika maanguko kutoka mbinguni zilirudi mikononi mwa waliozianzisha.

Mfano wa pili ni wa mwaka huo huo wa 2008, huko Hong Kong. Mwigizaji mmoja mashuhuri alikuwa amepeleka kompyuta yake dukani kutengenezwa. Ndani yake mlikuwa na picha za faragha, zake na za wanawake kadhaa. Fundi alizinakili. Picha zikatoka mkono hata mkono, na Januari mwaka 2008 zikaanza kusambazwa katika intaneti, zikaonekana na watu wasiohesabika. Mwigizaji aliomba radhi hadharani na kuiacha kazi yake katika mji ule. Waliotendewa vibaya zaidi ni wale wanawake, ambao hawakuwa wateja wa duka lile, wala hawakumkabidhi fundi yule kitu chochote. Mwaka 2009 mahakama ilimhukumu fundi kifungo cha miezi 8 na nusu.

Je, fundi huyu aliiba nini? Swali laweza kuonekana la mzaha, lakini si la mzaha. Mtu akiibiwa mbuzi, zizi hupungua. Akiibiwa shilingi, mkoba huwa mwepesi. Mwenye kompyuta ile hakupungukiwa na picha hata moja. Kila kilichokuwa chake kilibaki chake. Nimesikia vijana werevu wakisema kuwa pasipopungua kitu hapana dhuluma, na kwamba kosa la fundi wa Hong Kong lilikuwa la kusambaza, si la kutazama. Lau angalitazama, akanyamaza, akafa na siri yake, wao huuliza, ni nani angalidhurika?

Hoja hii ina nguvu, na haifai kuibeza. Hupima dhuluma kwa maumivu, na mtu hawezi kuumwa na jambo asilolijua. Hebu tuipime kwa jambo la karibu. Tuseme umesafiri kwenda kwenu kwa likizo, ukamwachia jirani ufunguo ili awape kuku chakula. Jirani huwapa kuku chakula kila siku bila kukosa. Kisha huingia chumbani mwako, huketi kitandani, hufungua sanduku lako la barua, huzisoma zote, na kuzipanga tena kama zilivyokuwa. Unarudi, kuku wamenenepa, barua zipo. Hutajua kamwe. Nauliza: kama angalikueleza mapema nia yake, ungalimpa ufunguo? Ikiwa jibu ni la, basi liko jambo alilolichukua kwako, nalo ni amri yako ya kuamua nani akujue.

Amri hiyo ina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu haonyeshi uso mmoja kwa mama yake, kwa mwalimu wake, kwa rafiki yake na kwa Mola wake. Huo si unafiki. Hiyo ndiyo njia ambayo ukaribu wa wanadamu hujengwa kwayo. Rafiki ni yule niliyemwambia jambo nisilowaambia wengine, na kwa sababu nilimwambia kwa hiari, amekuwa karibu nami kuliko wao. Anayelichukua jambo hilo bila kupewa amejifanya rafiki yangu kwa wizi. Anatembea njiani akinisalimu kama mgeni, huku akinijua kama ndugu, nami simjui. Urari wa heshima baina yetu umevunjika hata kama mimi sijausikia mlio wa kuvunjika kwake.

Fundi mwingine hujitetea kwa methali kuwa macho hayana pazia. Asema hakukusudia, alifungua folda kuhakikisha kazi yake, akaona alichokiona. Naikubali methali hii kwa jicho la kwanza. Jicho la pili lina pazia, na pazia lake ni nia. Aliyeona bila kukusudia hufunga faili. Aliyeifungua ya pili, na ya tatu, na kuanza kutafuta kwa majina, hana tena haki ya kuitumia methali. Wala tusidhani kuwa watu wa namna hii ni wachache mno. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walipeleka kompyuta katika maduka zaidi ya kumi ya kutengeneza vyombo vya elektroniki. Kasoro yake ilikuwa ndogo, isiyohitaji kufungua faili yoyote ya mwenyewe. Ndani walikuwa wameweka mtego wa kuandika kila kilichofunguliwa. Katika maduka 6 ilionekana kuwa faili za mteja zilichunguliwa, na katika 2 kati ya hayo zilinakiliwa zikatolewa nje ya kompyuta. Nayo hiyo ilikuwa kazi ya kawaida. Kuokoa diski ni kazi inayompa fundi kila kitu mkononi.

Ruhusa ya fundi, basi, yafika wapi? Naona kuwa ruhusa inayotolewa wakati wa shida hupimwa kwa shida yenyewe, haizidi hapo. Nyumba ikishika moto, majirani huingia bila kubisha hodi. Huingia hata chumba cha kulala cha mama wa watu, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa fedheha. Hubeba godoro, hubeba sanduku, hubeba mtoto. Hakuna atakayewalaumu. Lakini jirani akionekana katikati ya moshi amekaa anasoma barua zilizoanguka kutoka sandukuni, kila mtu atajua, bila kufundishwa na mwanafalsafa, kuwa ruhusa ya moto haikufika huko. Moto ulimfungulia mlango kwa ajili ya kutoa vitu, basi. Vivyo hivyo diski inayokufa humfungulia fundi mlango wa kunakili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na miongoni mwa mambo inayoyakataza ni habari za familia au za siri za mtu kutakwa au kufichuliwa pasipo haja. Maneno hayo, pasipo haja, yana uzito. Sheria haikusema kuwa habari za mtu haziguswi kabisa, maana hapo daktari na fundi wasingeweza kufanya kazi. Imeifanya haja kuwa mpaka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imefuata njia hiyo hiyo kwa urefu zaidi. Hata hivyo sheria huja baada ya tendo. Katika duka lenye meza moja na taa moja, saa tatu za usiku, mlinzi aliye karibu ni dhamiri ya fundi.

Katika jambo la malipo, wanamaji walitutangulia zamani. Chombo kikikwama mwambani na mwingine akakinusuru pamoja na shehena yake, sheria ya bahari humpa mwokozi ujira, na ujira mzuri, bali haimpi chombo. Asiyeokoa kitu kwa kawaida hapati kitu, na makampuni mengi ya kuokoa data hufuata desturi hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Uokozi wa mwaka 1989 waenda mbali zaidi: mapatano yaliyofanywa chini ya shinikizo la hatari, yakiwa na masharti yasiyo ya haki, yaweza kubatilishwa au kurekebishwa. Waliouandika walijua kuwa nahodha anayeona chombo chake kinavunjika atakubali bei yoyote. Mwanafunzi wa chuo aliyepoteza tasnifu yake siku mbili kabla ya kuiwasilisha ni nahodha wa namna hiyo. Fundi aliyesema shilingi 5,000 asubuhi, kisha, baada ya kuona machozi, akasema 20,000 jioni kwa kazi ile ile, hakupandisha bei ya kazi. Ameuza machozi ya mteja wake.

Hayo ni mepesi. Sasa nafika penye ugumu ambao umenifikirisha zaidi ya yote, nao ni diski ya marehemu.

Tuseme baba amefariki. Alikuwa mwalimu, na kwa miaka 20 aliweka kila kitu katika kompyuta moja ambayo sasa diski yake inagonga. Watoto wake wanaileta kwa fundi wakitaka picha, na pengine wosia. Fundi anafanikiwa. Katika kuhakikisha kazi yake anakutana, bila kutafuta, na barua zinazoonyesha kuwa marehemu alikuwa na mtoto mwingine, mahali pengine, ambaye nyumba hii haimjui. Afanye nini?

Wengi wenye moyo mwema watajibu upesi kuwa azifiche. Watasema mama mjane asiongezewe huzuni. Nawaheshimu, lakini siwezi kukubaliana nao. Fundi anayezifuta barua zile kwa huruma ametenda jambo lile lile la fundi anayezisambaza kwa uovu, ingawa moyo wake ni tofauti: amejifanya mwenye mali. Ameamua nani ajue nini katika nyumba isiyo yake. Na huyo mtoto wa mbali je, ambaye barua zile huenda ndizo ushahidi pekee wa baba yake? Huruma kwa mmoja yaweza kuwa dhuluma kwa mwingine ambaye fundi hajapata kumwona. Wala haimpasi kuwaita watoto kando na kuwanong'oneza. Kata ndiyo ijuayo siri ya mtungi, lakini kata haikupewa ulimi. Kazi yake ni kurudisha yote yaliyokuwapo, kama yalivyokuwapo, kwa wale ambao sheria na jamaa zimewapa urithi, naye anyamaze maisha yake yote.

Yaliyokuwapo, nimesema, na neno hili lahitaji kuangaliwa. Mtu akifuta faili katika diski kuu, kwa kawaida faili haifutiki. Kinachofutwa ni jina lake katika orodha, kama kwamba umerarua ukurasa wa yaliyomo katika kitabu na kuziacha sura zote ndani. Mahali pake hutangazwa kuwa wazi, na faili hubaki hapo kimya mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Kwa sababu hiyo programu za uokozi huweza kufufua, pamoja na zilizopotea kwa ajali, zile ambazo mwenyewe alizifuta kwa mkono wake. Mashine haitofautishi. Kwake zote ni faili zilizokuwa hazionekani na sasa zaonekana.

Sasa tuseme marehemu mwalimu alizifuta barua zake miezi michache kabla ya kufa. Hakuzipoteza, alizifuta. Pengine alitubu. Pengine alitaka wanawe wasizione. Pengine alikuwa anapunguza takataka tu. Hatujui sababu, bali tendo twalijua, nalo ndilo neno lake la mwisho juu ya barua zile. Naona kuwa hapa wajibu wa fundi wageuka. Kilichopotea kwa ugonjwa wa diski akirudishe. Kilichoondolewa na mwenyewe asikifufue, isipokuwa ameombwa na mwenyewe aliyekiondoa, au mahakama imeamuru. Najua jibu hili lina gharama. Yule mtoto wa mbali, niliyemtetea punde hivi, huenda akapoteza haki yake kwa sababu ya kidole kilichobonyeza kitufe. Nimelitafakari jambo hili sana, na bado naliona hivyo. Wafu hawana njia nyingine ya kulinda siri zao ila yale waliyoyatenda wakiwa hai. Tukiruhusu kila fundi kuyatengua matendo hayo kwa sababu tu mashine yake yaweza, hatutakuwa na mtu awezaye kuiacha dunia na jambo lake. Msomaji asiyekubaliana nami ana sababu nzuri, na ningependa azieleze kwa ukamilifu kabla ya kuniacha.

Yuko mwenye haki iliyo juu ya amana yote hii, naye ni mnyonge aliye hatarini. Fundi akiona bila kutafuta kuwa mtoto anadhulumiwa, au kuwa mtu anapangiwa kuuawa, siri imekwisha. Aende kwa wenye mamlaka siku hiyo hiyo. Amana haikuwekwa duniani ili imfiche mtesi. Lakini hata hapa tofauti ya kuona na kutafuta yabaki. Mwaka 2018 hati zilizotolewa nchini Marekani zilionyesha kuwa idara ya upelelezi, FBI, ilikuwa imewahi kuwalipa fedha mafundi wa kampuni moja kubwa waliotoa habari za picha za uhalifu katika kompyuta za wateja. Kuwakamata wahalifu wale ni jambo jema. Tatizo ni fedha. Fundi anayelipwa kwa kila anachokiona hawezi kubaki mtu anayeona kwa bahati. Atakuwa mtu anayetafuta, na kila mteja, mwovu kwa mwema, atapekuliwa bila kibali cha hakimu na bila kujua. Jirani aliyeingia kuzima moto amegeuzwa askari, na siku nyingine moto ukiwaka wenye nyumba watafunga milango.

Limebaki jambo la nakala. Nilieleza kuwa fundi huinakili diski yote katika diski iliyo nzima, kisha hufanya kazi juu ya nakala. Mteja akishalipa na kuondoka na mali yake, nakala ile iko wapi? Mara nyingi iko dukani, katika diski ya fundi, nzima kuliko hata ya mteja mwenyewe. Kwa siku chache ina sababu ya kuwapo, maana mteja aweza kurudi akisema faili fulani haikupatikana. Baada ya hapo haina sababu tena, na kila siku inayobaki ni siku ambayo haja imekwisha na mamlaka yameendelea. Wala kuifuta kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu tumekwisha kuona kitufe kinafuta nini. Ni lazima diski yote iandikwe upya juu, toka mwanzo hata mwisho. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, mashine ikiwa imeshikwa na haiwezi kutumika kwa mteja mwingine, na hapana alipaye.

Mteja mwenye uwezo aweza kujikinga. Huja na diski yake mpya aliyoinunua mwenyewe, hutaka nakala iwekwe humo wala si penginepo, na huketi dukani mpaka kazi iishe, kisha huondoka na diski zote mbili. Mwanafunzi au mama wa sokoni ambaye fedha yake yatosha kumlipa fundi tu, haitoshi diski ya pili, hawezi kufanya hivyo. Huacha diski yake juu ya meza, hupewa karatasi yenye tarehe ya kurudi, na kwenda zake.